Onja Kwanza

"Onja kwanza, mama."

Uwituze alisema hivyo bila kuniangalia. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa bado inatoa mvuke, na ndagala, visamaki vya ziwani, nilikuwa nimezikata vichwa moja moja, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda. Aliisukuma sahani upande wangu kwa kidole kimoja.

Kwetu Uvira, anayemkaribisha mgeni pombe huonja yeye kwanza, mgeni aone haina sumu. Ni heshima. Lakini Uwituze si mgeni wangu. Minye nilimzaa.

Alikuja kwangu, mtaa wa Kilibula, baada ya mto Mulongwe kufurika na kubeba nyumba yake pamoja na Ganza, mtoto wake wa mwisho. Hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alilala akiangalia ukuta, nywele zimeshikamana. Irakiza, binti yake aliyebaki, akimwita, aligeuka polepole kana kwamba sauti inatoka ng'ambo ya ziwa. Kisha mwili nao ukaanza kumkimbia: kikohozi kinaondoka na kurudi, vidonda mdomoni, mwishowe malengelenge yakajipanga ubavuni kama mshipi wa moto.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Hyacinthe alipima malaria, kifua kikuu, virusi. Hakuna kitu. Akatuketisha.

"Mama, hii iko zona, mukanda wa jeshi. Ililala ndani yake tangu tetekuwanga ya utoto. Huzuni kali hivi nayo iko ugonjwa. Inamunyima usingizi, inamunyima chakula, na askari wa mwili wanachoka. Wakichoka, vilivyolala vinaamka. Tutatibu ngozi, lakini tutatibu na huzuni."

Niliamini, maana nilikuwa nimeyaona yote kwa macho yangu. Nikamweleza Consolée, rafiki yangu wa kikundi cha akina mama kanisani, aliyekuwa akija kunisaidia kufua mashuka. Consolée alikula kwenye sufuria yangu, akaomba kuongezewa. "Weye Mama Uwituze," alikuwa akinitania, akipangusa sahani kwa tonge la mwisho, "siku ukikufa nitakula wapi?"

Siku moja niliteremka Kalundu kununua ndagala. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Consolée alikuwa amempeleka mwanangu kwa mtu anayetoa karuho mwilini, ile sumu ya polepole ambayo watu wa hapa wanaiona kwa kila anayekonda. Mtu huyo alimtapisha mpaka mwanangu akashindwa kusimama. Kisha mtu huyo akauliza, nani anamupikia?

Consolée ndiye aliyejibu.

Nilimkuta mlangoni kwake akichambua maharagi.

"Nimekukosea nini, dada?"

"Hakuna. Lakini mutu hawezi kukonda hivi juu ya mawazo tu. Na minye sikukushitaki. Nilisema tu weye ndiye unapika."

"Weye umekula sufuria ile ile, na unazidi kunenepa."

"Karuho inachagua mutu," alisema, akaendelea na maharagi yake.

Lakini Consolée ni jirani tu. Aliyeniuliza kwa kidole alikuwa mwanangu.

Nilionja. Nilitafuna mbele yake, nikameza, nikafungua mdomo aone, kama nilivyomfundisha kuonyesha akimeza kinini alipokuwa mdogo. Ndipo akala. Vidonge vya Hyacinthe alivipokea kutoka mkononi mwa Irakiza, si mwangu.

Alipona polepole. Usingizi ulirudi kwanza, kisha hamu ya chakula, na malengelenge yakakauka yakaacha alama. Asubuhi moja, akimsuka Irakiza, alimlilia Ganza kwa mara ya kwanza, kitana bado mkononi. Aliniomba samahani mbele ya kanisa lote, nami nikamkumbatia. Kikohozi hakikurudi. Leo anauza unga sokoni, na mashavu yake yamejaa.

Jumapili iliyopita nilipika samaki wa mukeke na nyanya. Irakiza akanyoosha mkono kwenye sahani. Uwituze akauzuia mkono huo, taratibu, hata bila kukatiza habari aliyokuwa ananipa ya bei ya unga.

Nikachukua kijiko.