Siku Tatu za Teobaldo

Binti yangu Nélida aliacha vidonge vyake bila kuniambia. Kopo alilojaziwa zahanati Jumatatu nililikuta Ijumaa asubuhi nyuma ya sufuria ya ndizi, limejaa hadi shingoni. Nikalitikisa, nikajua.

Vidonge vyenyewe ni vya sonona, vinaitwa fluoksetini. Daktari wa mjini Pucallpa, hapa kwetu Peru, alimwandikia baada ya mtoto wake kuzaliwa amekufa, akawa halali, hachani nywele, sindano yake ya kudarizi imebaki kwenye kitambaa pale pale alipoiachia. Amevimeza miezi minane. Akaanza kudarizi tena, akaanza hata kunicheka ninavyounguza samaki. Nikashukuru, nikanyamaza. Kumbe anaona haya. "Mama, mpaka lini nitakuwa mtu wa kidonge?" aliniuliza siku moja, nami nikajibu hovyo kwa sababu nilikuwa namenya mihogo. Ndipo akaamua kwenda kunywa ayawaska, ile dawa ya kamba ya msituni inayompa mtu maono, kwa Teobaldo, amalize yote mara moja.

Teobaldo ni binamu yangu. Alilelewa nyumbani kwetu, na uganga kajifunza kwa baba yangu. Siku hizi ana kambi ng'ambo ya ziwa, wageni wanamfuata kwa ndege. Kila anayekuja anapewa karatasi ya miiko: usile chumvi, usile nguruwe, sukari wala pilipili, usilale na mtu, usimeze dawa za duka. Siku tatu kabla. Siku tatu! Nélida akafuata karatasi bila kuuliza. Sisi tumezoea miiko ya chakula tangu utotoni, akadhani kidonge nacho ni kama chumvi, ukikiacha siku tatu kimekwisha.

Ile karatasi niliikuta chini ya kopo, nikaipeleka kwa nesi wetu, Yesenia. Aliisoma akashika kichwa.

"Mama Olinda, hii dawa hukaa mwilini wiki tano, hata mtu akiiacha leo. Ikikutana na ile kamba ya ayawaska, anaweza kupata homa kali, kutetemeka, misuli kukakamaa, moyo kwenda mbio. Mtu anaweza kufa. Na nani kamwambia aache ghafla?"

"Karatasi."

"Karatasi ni daktari? Kuacha tu kunaweza kumrudisha alikotoka. Kama anataka kuacha, aje apunguziwe polepole. Lakini leo asiguse hiyo ayawaska, hata tone!"

Nikarudi mbio. Nélida ameshaondoka na begi lake. Nikapiga simu, haipatikani. Kambini wanakusanya simu za watu mlangoni. Nikapanda bajaji hadi gatini, nikapanda mtumbwi wa injini, na mwenye mtumbwi akasimama katikati ya ziwa kupiga soga na shemeji yake. "Ndugu yangu," nikamwambia, "mwanangu anakwenda kunywa sumu, wewe unauliza bei ya kuku?" Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

Nilifika saa tisa alasiri. Unywaji huanza giza likiingia. Wageni tisa walikuwa wamekaa juu ya magodoro katika ile nyumba kubwa ya duara, kila mmoja na ndoo yake ya kutapikia, na Nélida kati yao.

"Dada Olinda!" Teobaldo akacheka. "Umekuja kunywa na wewe?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Ana fluoksetini mwilini."

"Fomu yake inasema hana kitu."

Nikaiomba hiyo fomu. Moyo? Hapana. Presha? Hapana. Mimba? Hapana. Umewahi kusikia sauti zisizo na mtu, umewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili? Hapana. Dawa zozote? Hapana. Nikachukua ya pili na ya tatu: hapana mpaka chini, kwa mwandiko mmoja. Nikamgeukia Rusbel, mtu mzima kabisa, ndiye anayepokea wageni.

"Shangazi, mashua ilichelewa," akasema. "Watu wamechoka, nikawajazia."

"Umewajazia! Ungewajazia na jeneza kabisa."

"Dada, usikuze mambo," Teobaldo akaingilia. "Dawa inajua. Inamwona mtu mpaka ndani."

"Dawa inajua! Na wewe unayeipika unajua nini?"

Nélida akasimama, uso umemwiva. "Mama, nenda nyumbani. Binti wa mganga unaogopa ayawaska? Unanitia aibu."

"Siogopi ayawaska. Naogopa watu wasiouliza."

Nikatoa kopo mkobani mwangu, nikalitikisa mbele ya wageni wote, nikauliza kwa Kihispania cha taratibu, "Nani ana hivi? Au ndugu za vidonge hivi?"

Halafu mama mmoja Mbelgiji akafungua mkoba wake. Aliacha vyake juzi. Akafuata bwana mmoja mnene, ana presha, hakuulizwa, na yeye hakusema. Rusbel akaangalia sakafu.

Nikamkaribia Teobaldo, nikasema kwa lugha yetu ili wageni wasisikie. "Baba alimnywesha mgonjwa lini? Yeye ndiye aliyekunywa, akaona ugonjwa, akaimba. Mgonjwa alilala tu. Wewe mwenyewe uliletwa kwetu umevimba tumbo. Ulikunywa?"

"Sikunywa."

"Ulipona?"

Akanipa mgongo. Akaenda kwenye magodoro, akasema watatu hawa hawatakunywa. Atakunywa yeye, na wao atawaimbia. Mbelgiji akalia kwa hasira, kasafiri siku mbili. Nélida akalala kaupa ukuta uso, akaimbiwa hivyo hivyo. Mimi nilikaa miguuni pake mpaka kulipokucha, asije akaniponyoka.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari, akarudishiwa vidonge. Wiki tatu hakusema nami ila "nipe chumvi".

Wewe mama, kama wako anataka kwenda, usimtukane. Wangu nilimnyamazia na ndiyo ikawa hivi. Muulize anameza nini, na amwulize aliyempa, si aliyepika ayawaska. Mwenye moyo mbovu, mwenye mimba, aliyewahi kuchanganyikiwa akili, abaki nyumbani. Uliza nani pale hanywi, ili kuwe na mtu mwenye akili zake, na mashua yenye mafuta ya kumkimbiza mgonjwa ipo wapi. Msichana asiende peke yake, na mganga anayemwita kibandani wawili tu, amkimbie. Na mgeni asiulizwe kwa fomu. Aulizwe usoni.

Juzi nilikwenda tena kambini. Karatasi ukutani bado inasema siku tatu. Nikachukua kalamu nikaandika chini yake yote aliyosema Yesenia. Jana nimepita, wamebandika mpya. Siku tatu.

"Dada, wageni hawapendi karatasi ndefu," Teobaldo ananiambia.

Nilirudi nyumbani nikilaani, nikakaa mezani na kalamu, naandika tena, kopi baada ya kopi, nizibandike gatini wanakopandia mashua. Nélida alikuwa anadarizi. Akanyanyua kichwa, akaitazama kazi yangu.

"Mwandiko gani huo, Mama? Mtu atasoma siku tatu palipoandikwa wiki tano. Lete hapa."

Akaweka sindano chini, akachukua kalamu.