Sikukandi, Shangazi

Bi Mwatumu wa mtaa wa La Rochelle alikuwa mkandaji wa chango, na mwanamke yeyote wa Kitanga aliyehamia Johannesburg asiijue mikono yake, basi labda alishuka jana. Kwa hiyo asubuhi ile tumbo la juu lilipomshika, akatapika, jasho likamtoka chapachapa, hakumuuliza mtu. Alijilaza mkekani akamwita Mayasa. "Mtoto wa kaka yangu," ndivyo alivyomtambulisha siku zote, ingawa alimlea tangu akinyonya.

"Lete mafuta. Chango hiki. Nikande nilivyokufundisha."

Mayasa, mwanafunzi wa uuguzi, alimtazama. Midomo imepauka, mkono unasugua taya. Taya! Chango gani hicho kinachopanda mpaka tayani? Darasani walikuwa wamefundishwa: mshipa unaoulisha moyo ukizibwa na damu iliyoganda, si kila mtu atashika kifua. Wapo wanaotapika tu, wakalegea, taya likawauma, hasa wanawake na wenye kisukari. Na moyo haungoji. Shangazi alikuwa na kisukari.

"Sikukandi, Shangazi. Tunakwenda hospitali."

"Mimi niliyekufulia nepi, leo unanibishia?"

"Nakubishia."

Akamtafunisha aspirini, maana alijua haimdhuru, kisha akamgongea jirani yao André, fundi cherehani wa Kikongo.

"Panda, mama, gari iko tayari," André alisema. Bi Mwatumu akapanda huku akiwatukana wote wawili.

Hospitalini kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi. Bi Mwatumu akavuta mtandio, akateremka kitandani.

"Umeona? Eish! Umeniaibisha bure. Nipishe."

Mayasa alisimama mlangoni. Aliogopa kwamba amekosea, na aliogopa zaidi kwamba hakukosea.

"Sikupishi. Kipimo kimoja hakitoshi. Bado unaumwa."

"Nitakulaani!"

"Nilaani ukiwa umelala, Shangazi."

Muuguzi wa zamu akasema ni kweli, maumivu yakibaki hurudia kipimo. Wakamlaza tena, wakachukua na damu. Safari hii sehemu ya mstari wa kipimo iliyokuwa imelala ilikuwa imeinuka, alama ya mshipa wa moyo ulioziba. Wakamsukuma mbiombio, na mchana huohuo mshipa ukazibuliwa.

Jioni muuguzi alimuuliza mgonjwa kuhusu binti aliyeketi kando yake: ni nani?

Bi Mwatumu alikuwa bado amenuna. Hakugeuza hata kichwa.

"Mwanangu," akasema kwa sauti nyembamba. "Hasikii."