Mama Mkasi Arudi Kazini

Barua ya kumfukuza alisomewa amesimama, mkasi ungali mkononi, mbele ya wafanyakazi arobaini waliozima cherehani zao ili wasikie vizuri. Meneja hakuinua macho.

"Utovu wa nidhamu," alisoma. "Mkabidhi mlinzi vifaa, utoke."

Miaka ishirini na miwili alikuwa amekata sare katika kiwanda kile, hata jina lake likasahaulika, akabaki Mama Mkasi. Kosa lake lilikuwa moja. Mashine ya kukatia, isiyo na kinga, ilipomkata binti mmoja vidole viwili, yeye alikataa kutia sahihi karatasi iliyosema kinga ilikuwapo.

"Ungetia tu," mumewe alimwambia jioni hiyo. "Vidole vyenyewe si vyako."

Alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kesho yake akaenda kufungua shauri katika baraza la migogoro ya kazi.

Miezi saba shauri liliahirishwa, likaahirishwa tena. Liliposikilizwa, wakili wa kiwanda alimleta shahidi: shoga yake Mama Mkasi, mshonaji aliyekula naye chakula cha mchana benchi moja tangu ujana wao. Shoga, macho sakafuni, akasema kinga ilikuwapo, na kwamba mwenzake alizoea kuwatukana wakubwa. Maneno yale yalimwingia Mama Mkasi kama sindano chini ya ukucha. Maisha yake yote alikuwa amemeza machungu akashushia na maji. Siku hiyo hayakumezeka.

"Kabla ya kunifukuza, nani aliniita nijitetee?" aliuliza. "Barua ya kuniita iko wapi?"

Wakili alifunua jalada, akafunua tena. Haikuwapo.

"Hukuachishwa kazi kwa haki," mwamuzi alisema mwishowe. "Waweza kulipwa fidia, au kurejeshwa kazini. Wataka lipi?"

"Chukua fidia, Mama," meneja alidakia, karibu kwa upole. "Pale hakuna atakayekusalimu."

"Sikuajiriwa kwa salamu. Nataka kazi yangu."

Jumatatu salamu zake zilianguka patupu. Kiti chake kilikuwa kimemwagiwa mafuta ya cherehani. Kwenye mashine palikuwa na kinga mpya, skurubu zake bado zinang'aa.

"Kesi umeshinda," meneja alisema akipita. "Kiwanda hujakishinda."

Mezani palikuwa na jora zito la kitambaa, na jora halitandazwi na mtu mmoja. Alisubiri. Hakuna aliyesogea. Akamgeukia shoga yake.

"Shika upande ule."

"Wananitazama."

"Hata mimi walinitazama."

Shoga aliinuka polepole, akashika. Kitambaa kikatandazika kati yao, kikalegea katikati.

"Nina watoto wanne," shoga alinong'ona. "Wewe wajua nyumba yangu ilivyo..."

"Najua," Mama Mkasi alisema. "Vuta."