Gundi Hapigi Sita

Mimi sisahau. Kiwandani kwetu, tunakotengeneza mabeseni na ndoo za plastiki, joto la mashine liliwahi kutushinda tukamchagua mwenzetu akatusemee kwa meneja. Alirudi anatabasamu. "Jamani, joto limeisha." Tukatazamana, jasho linatutiririka mpaka kwenye viatu. Kumbe meneja alimfungia feni kwenye pembe yake, yeye peke yake, naye chini ya upepo ule akaamini kiwanda kizima kimepoa. Nilimwita msaliti mbele ya watu. Mpaka leo tukikutana dukani ananunua chake haraka, anaondoka bila kuniangalia.

Liweke hilo akilini. Sasa habari ya gemu.

Mdogo wangu, tumbo moja, anaandika programu katika kampuni inayotengeneza gemu ya kuongoza timu ya kriketi. Humo hushiki gongo wewe. Unachagua wachezaji, unawapa maagizo, unakaa kutazama. Utamu wake ni mechi za siku tano, na ubovu wake ulikuwa mikimbio, yaani pointi. Timu ilikuwa inapata kwa siku moja mikimbio ambayo timu ya watu wa kweli huitolea jasho siku mbili. Kila mpigaji anapiga sita, mikimbio sita kwa pigo moja, mpira unavuka mpaka wa uwanja bila kugusa nyasi. Hakuna anayezuia mpira usimtoe, hakuna anayeogopa, hakuna sare.

"Si gemu tu hiyo?" mke wangu akasema.

Gemu tu! Ndivyo tunavyozoeshwa uongo, kidogo kidogo, tukiwa tumekaa vizuri.

Baba yetu alichezea timu ya kiwanda. Walimwita Gundi, maana akisimama kwenye mstari habanduki. Kuna mechi wenzake walitoka mmoja baada ya mwingine kama watu waliosikia nyumba inaungua, yeye akabaki kutwa nzima anazuia mipira. Mikimbio yake haikufika hata thelathini, lakini muda ukaisha hajatolewa, timu ikaokoa sare. Mimi na mdogo wangu tulikuwa nyasini, watu wanazomea, "Piga, mzee, tuna njaa!" Mdogo wangu akalia. Nikamwambia, "Nyamaza, baba yuko kazini."

Mdogo wangu alipoajiriwa na kampuni ile, alimweka baba ndani ya gemu kwa jina hilohilo, Gundi. Nilimshukuru kwa machozi. Kisha nikamwona Gundi anapiga sita tatu mfululizo.

Hapo nikaingia kazini na mimi. Wachezaji wa gemu ile tunakutana kwenye kibanda cha fundi simu, na huko wananiita Mwenyekiti, nusu heshima nusu kejeli. Niliwasimamia mpaka tukakubaliana: toleo jipya hatununui mpaka kasi ya mikimbio irekebishwe. Habari ikaenda mtandaoni, watu tusiowajua wakajiunga. Kwa mara ya kwanza kampuni ikatujibu.

Jibu lenyewe lilikuwa mdogo wangu, mlangoni kwangu, na flashi yenye programu mkononi.

"Kaka, toleo jipya hili, kabla halijatoka. Tumerekebisha. Jaribu mwenyewe."

Akaliweka kwenye laptopu yangu. Nikacheza. Gundi akaingia uwanjani, akazuia. Akazuia tena. Ova nzima, mipira sita, hakuna mkimbio hata mmoja. Nilishika bega la mdogo wangu kwa nguvu.

"Na watu wote watapata hii?"

Akapuliza chai yake, ingawa ilishapoa. "Wewe cheza kwanza, kaka."

Mimi ninayejisifu kwa kukumbuka nikasikia jibu lile na sikulishika! Kesho yake nikawatangazia wenzangu: tumeshinda, mgomo umekwisha, kanunueni. Wakanunua.

Malalamiko yalipoanza niliwagombeza. Hamjui kuagiza, nikawaambia. Mnampa Gundi amri ya kushambulia halafu mnalia. Mwambieni azuie! Siku nyingi nilikaa na msimamo huo, nikiwafundisha watu kuongoza timu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mwenyekiti," fundi simu akaniita siku moja nikipita, "hebu lete laptopu yako hapa. Tuweke mbili bega kwa bega, tumalize ubishi."

Tukaziweka juu ya meza yake, kati ya vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Timu ileile, maagizo yaleyale. Kwangu Gundi akazuia. Kwake Gundi akapiga sita, akainua gongo, akacheza kiuno. Baba yangu, kucheza kiuno!

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Sita nyingine.

"Yako imepikwa, mzee," fundi akasema taratibu. Mwingine nyuma yangu akamalizia, "Kumbe Mwenyekiti anakula jikoni, sisi tunanusa."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nasikia feni.

Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Alinifungulia, akaiona laptopu kwapani mwangu, akanipisha niingie.

"Nani alisema mnipe yangu peke yangu?"

"Bosi. Alisema mwenye kelele mpeni chake, wengine watanyamaza wenyewe."

"Na aliyeandika ni nani?"

"Mimi." Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Kaka, watu wanataka mikimbio. Tuliwapa wengine ile ya polepole waijaribu, wakasinzia. Nikaona angalau wewe uipate. Nilikaa nayo sana, ujue. Vile anavyoinamisha kichwa kabla ya mpira, nimekumbuka mwenyewe. Nilidhani utafurahi."

"Nilifurahi."

"Sasa?"

"Sikuomba changu! Niliomba chetu. Watu wamenunua kwa mdomo wangu, wewe ukijua."

"Wewe kila kitu mgomo," akasema, sauti imepanda. "Hata zawadi ya ndugu yako unaigomea."

"Ulilia siku ile, watu walipomzomea. Leo wewe ndiye unayemwambia apige."

Nikageukia mlango. Sikumngoja ajibu.

Nilirudi kibandani, nikasimama mbele yao, nikawasimulia habari yote ya mtu wa feni kiwandani, mpaka mwisho, kisha nikasema mtu huyo safari hii ni mimi. Mgomo unaanza upya. Walioniamini waliguna. Wawili wakasema wao wameshazoea sita, kwa heri. Mmoja akaniuliza kama naweza kumnong'onezea mdogo wangu ampe na yeye nakala kama yangu. Ndivyo watu walivyo, na bado nitawasemea.

Walipotawanyika nikamsukumia fundi laptopu.

"Ifute gemu hii."

Akaifungua. Mechi yangu ilikuwa siku ya tano, jioni, wiketi moja imebaki, yaani akitolewa mmoja tu tumekwisha, Gundi yuko kwenye mstari ameinamisha kichwa. Ova chache tu zilibaki apate sare.

"Hata asimalize?" fundi akauliza. "Mzee wako huyu."

Nilimtazama kwenye kioo cha laptopu. Mabega yalikuwa yake kabisa.

"Huyo si baba," nikasema. "Hiyo ni feni. Futa."