Likianza Kuuma

Asubuhi haijakolea, Daktari alikuwa ameshang'oa meno mpaka mkono unamvuta, na benchi la nje bado limejaa mashavu yaliyovimba. Aliyeingia sasa hakuwa na uvimbe wowote. Alikuwa mama mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akimsukuma mbele binti yake wa darasa la pili.

"Haumwi," alisema, kama anayeomba radhi. "Nimesikia kuna dawa ya kupaka magego mapya yasitoboke. Mimi yangu yameshaisha, daktari. Sitaki na huyu yamkute."

"Achama, mwanangu. Aaa."

Magego manne, meupe, yametoka juzijuzi, na juu yake vile vijifereji ambamo chakula hujificha. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kusafisha, kukausha, kupaka, kisha kumulika kwa taa ya bluu mpaka dawa igande. Dawa ilikuwa kwenye friji, inakaribia kuharibika. Taa ilikuwa imefungiwa ofisini kwa Mkuu wa kliniki, inangoja wateja wa jioni, wale wanaojilipia.

"Nisubirini kidogo," alisema Daktari.

Mkuu hakuinua hata macho kwenye simu. "Taa ikiungua utanunua wewe? Halafu jino zima halina mgonjwa, dada. Huko juu wanatupima kwa tuliyong'oa na tuliyoziba. Usijitafutie kazi."

Hoja za kumjibu alikuwa nazo. Chuoni aliwahi kuzitoa mbele ya ukumbi mzima, akapigiwa makofi. "Sawa, Mkuu," alisema, akaufunga mlango taratibu.

Aliporudi alimtazama fundi begani, si usoni. "Mama, hiyo dawa si lazima. Apige mswaki asubuhi na usiku, apunguze peremende, inatosha."

Fundi akashusha pumzi, amefarijika kabisa. Mtoto ndiye aliyekunja uso.

"Mbona mwanao amepakwa? Tunakaa naye dawati moja. Alituonyesha magego, akasema ulimpaka wewe jioni kwa taa ya bluu."

Daktari alishukuru kwamba amevaa barakoa. Masikio yalimwaka moto. Aligeukia sinki, akaanza kunawa mikono aliyokwisha kuinawa.

"Hebu nyamaza!" Mama alimfinya mtoto bega. "Msamehe bure, daktari. Watoto wa siku hizi hawana breki."

Laiti angegomba. Laiti angeuliza ni kwa nini, kwa sauti, benchi zima lisikie. Daktari alimngoja aulize, na huku anaomba asiulize. Fundi aliiweka sawa futi yake shingoni, akamshusha mtoto kutoka kwenye kiti.

"Basi nimrudishe lini?"

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Daktari akafunga bomba.

"Likianza kuuma, mama."

"Ahsante sana, daktari. Mungu akuzidishie."

Mtoto hakuaga. Alitoka amefumba mdomo, ameukaza.