Firigisi ya Krismasi

Wekulo alifika Kawangware asubuhi ya Krismasi, jogoo kamkumbatia kwapani, akamkuta mamake, Nasipwondi, akikanda unga wa chapati. Miguu ya mama ilikuwa ikielea shibiri moja juu ya sakafu.

"Umekonda," mama alisema bila kuacha kukanda. "Huko Kibera kwani hamli?"

"Tunakula, Mathe. Lakini naona uko juu."

"Ah, hii? Ilianza Agosti. Mpe Simeon huyo jogoo amchinje."

Hilo la kuelea halikumsumbua Wekulo hata kidogo. Kila mtu na mambo yake. Kilichomkera ni huyo Simeon, fundi viatu wa pale steji ya matatu ya 56, ambaye tangu Agosti ndiye mpenzi wa mamake. Alikuwa amekalia kiti cha marehemu baba, mguu juu ya mguu, mkononi kashika ncha ya leso iliyofungwa kiunoni mwa mama. Simeon akisema upuuzi, Nasipwondi anacheka. Akicheka, anapanda. Akipanda, Simeon anamvuta chini, na hapo wote wawili wanacheka upya. Wangoi, mwenye ploti waliyopanga, alichungulia mlangoni.

"Mama Wekulo, heri ya Krismasi! Usinigongee mabati tu, nimeyabadilisha juzi."

"Karibu, kijana," Simeon alimwambia Wekulo.

Kijana! Mwanaume wa miaka thelathini na nne, ndevu zimejaa, anaitwa kijana nyumbani kwa mamake mzazi. Wekulo alitoka nje akamchinja jogoo mwenyewe.

Sasa, kasheshe ilikuwa kwenye firigisi. Kwao, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Mwanamke anaiosha, anaitia chumvi, anaipika, lakini haionji. Tangu baba afariki, Wekulo ndiye aliyekuwa akiila, na kila Krismasi mamake alimuuliza kama chumvi imetosha. Mwaka huu wanaume walikuwa wawili, na jogoo, ukimgeuza upande wowote ule, ana firigisi moja. Ikimwendea Simeon, basi Wekulo ni mgeni hapa kama wageni wengine. Wazo hilo lilimuuma kweli.

Chakula kikaandaliwa. Firigisi iliwekwa kwenye sahani yake peke yake, katikati ya meza, na hakuna aliyeinyooshea mkono. Ili kupoza mambo, Simeon akasimulia habari ya mteja aliyemletea viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, akadai eti vilishonwa vibaya ndiyo maana anatembea akizunguka.

Mama alicheka mpaka leso ikamponyoka Simeon. Alipanda polepole, akatulia chini ya mabati akijifuta machozi. Wekulo alijikaza asicheke. Wapi! Soda ilimtoka puani. Mtu huyu alichekesha, jamani, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Hapo firigisi nayo ikainuka. Ikampita Simeon, ikampita Wekulo, ikapanda ikidondosha mchuzi kwenye kitambaa cha meza, ikasimama mbele ya mdomo wa mama.

Wanaume wawili walitazama juu. Wote waliona vizuri kabisa ilikokwenda. Simeon akakohoa. Wekulo akaanza kukagua chapati yake.

Mama akaidaka.

"Ebu oneni, nusura ianguke," alisema. "Simeon, nishushe."

Simeon akaivuta leso. Mama akashuka, akachukua kisu, akaikata firigisi katikati, nusu kwa huyu na nusu kwa huyu. Kisha akafuta vidole kwenye aproni.

"Haya. Hakuna kununiana leo."

Simeon aliichukua nusu yake. Halafu akasogeza kiti cha baba karibu na stuli ya Wekulo.

"Mzee, nipitishie pilipili," Wekulo alisema. Hakuwa amewahi kumwita mzee.

"Shika, Wekulo."

Walitafuna bega kwa bega, wakianza tena kumcheka yule mtu wa viatu vya kushoto, na Wekulo alijisikia yuko nyumbani kuliko Krismasi nyingi zilizopita. Mama alikuwa mbele yao, shibiri moja juu ya sakafu, akiwatazama midomo.

"Chumvi imetosha?" aliuliza.

"Imetosha kabisa, Mathe," Wekulo alisema, akameza.