Arobaini ya Papa Hemedi kwenye Bariere

Ramla aliteremka kwenye pikipiki kabla hajaambiwa, maana hii ilikuwa bariere ya tatu, kizuizi kingine cha askari, tangu watoke Mangobo. Rolly, dereva wake, alifungua kamba akashusha gunia la mchele la kilo hamsini, bidoni, yaani dumu, ya mafuta na pakiti kumi za chumvi.

Hapa, tofauti na zile mbili za kwanza, amri ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa kibanda: ili waasi wa msituni wakose chakula, mtu asipite na zaidi ya kilo tano. Hao waasi walikuwa mwendo wa siku mbili. Kijiji cha kina Ramla kilikuwa kilomita tisa tu mbele.

Ajida Sadrack, mkuu wa bariere, alifungua daftari.

— Hii muchele yote iko ya nani?

— Iko ya papa yangu, Hemedi.

Alimtaja baba yake kwa sababu ndivyo wanavyosema kwao: chakula cha arobaini ni cha marehemu, walio hai wanabeba tu. Sadrack akaandika jina kwa herufi kubwa, polepole.

— Bon. Akuye yeye mwenyewe na carte d'identité yake, aweke signature hapa.

— Alikufa, chef. Leo njo arobaini yake. Batu banangojea kule.

— Batu ngapi?

— Wote wenye batafika.

— Alors! Mutu ya kufa anaomba kilo makumi tano, na batu ya kula hawana hesabu. Si njo chakula ya waasi ile?

— Basi futa jina yake, andika yangu.

— Registre hatufutake, mama. Beba kilo tano. Ingine inabakia.

Aliomba mpaka koo likakauka. Siku arobaini nzima alikuwa ameuza pondu, majani ya muhogo, sokoni, jua na mvua, ili apate gunia lile. Mwishowe alimpigia simu shangazi yake, Malika, akamwambia wasome dua bila kungoja chakula. Aibu ilimchoma kuliko jua.

Alipokata simu, askari walikuwa wamekwisha kulipasua gunia. Mgao wao wenyewe haukuwa umefika tangu mwezi uliopita, na sufuria ilikuwa motoni. Rolly alitaka waondoke. Ramla akakaa kwenye benchi, akangoja mpaka wali ukaiva, kisha akaenda kusimama kati ya sufuria na sahani zao.

— Ngojeni. Hii chakula iko ya papa yangu. Haikuliwake bila dua.

— Mama, toka pale, Sadrack akasema.

Askari mmoja, Juma, aliweka sahani chini akainua mikono. Wenzake wakafuata, mwingine akipiga ishara ya msalaba. Ramla alisoma Fatiha bila haraka, akamwombea baba yake kwa jina, wali ukipoa. Halafu akawatazama mmoja mmoja mpaka wote, hata Sadrack, wakaitikia amina.

— Sasa kuleni, akasema.

Alilia walipokuwa barabarani tayari, kilo tano zikiwa mapajani.